Santuri Arobaini na Moja Ndani ya Tenga la Njiwa

Wiki iliyopita niliwaacha mkinicheka, na mlikuwa na haki. Niliishia pale simu ilipolia jikoni, mjukuu wangu Sylviane akanipigia kutoka Paris, analia na kucheka kwa pamoja, ananiambia wimbo wake umeruka kutoka namba arobaini na nne hadi thelathini na moja.

Kwa aliyekosa gazeti nitaeleza haraka, maana kahawa yangu inapoa.

Naitwa Zulma Vandaele. Nina miaka sitini na nane, naishi Estaires, mji mdogo kaskazini mwa Ufaransa, na mume wangu Achille na njiwa wake wa mashindano, ambao idadi yao hataki niijue. Sylviane tulimlea sisi. Alikuwa anafunga biskuti kiwandani, siku moja akaimba kwenye sherehe ya mji, mtu akamsikia, akaitwa Paris, akatoa santuri. Wimbo, alioutunga mwenyewe, unaitwa Koti Lako la Kijani. Huko walimkata na jina, siku hizi ni Sylvie Vanda.

"Wamemnyonyoa mkia," alisema Achille, "halafu wanataka aruke."

Mwenye kampuni ya santuri, Bwana Bressac, alimpa sharti moja. Wimbo uingie kwenye thelathini za mwanzo za ile orodha ya nyimbo hamsini zinazouzwa zaidi nchini kufikia Jumamosi ya pili ya Juni. Ukiingia, watarekodi santuri ya pili. Usipoingia, kwaheri moja kwa moja. Na kule kwenye biskuti, msimamizi wake alimwekea nafasi yake hadi Jumatatu inayofuata, siku moja zaidi hapana.

Sasa dhambi yangu, ile mliyonicheka. Bi Quenoy, mwenye duka la redio, taa na santuri, aliniambia siri. Duka lake ni moja ya yale machache nchini ambayo mauzo yake ndiyo hutengeneza orodha. Chini ya meza ana kijisanduku kilichounganishwa na waya wa simu. Akiuza santuri, sanduku linalia kidogo, na Paris wanajua. Na kwa kuwa duka moja kama hilo linasimama badala ya mengine mengi, santuri moja ikinunuliwa hapa kwetu, kule Paris ina uzito kama wa arobaini.

Siri hiyo nilimwambia Achille peke yake. Achille akawaambia wanachama wa chama cha njiwa peke yao. Basi ilikuwa siri ya watu thelathini na wawili.

Wazee wale walikwenda dukani mmoja mmoja, wamenyoa ndevu, wanajifanya wapenzi wa muziki. Désiré Pruvost alisema anamnunulia binti yake. Désiré hajawahi kuoa, na Bi Quenoy ndiye dada yake. Mwingine aliuliza kama santuri inatakiwa kuwekwa mahali penye baridi. Kwa siku nne walimaliza zote arobaini na moja, na kwa kuwa hakuna hata mmoja mwenye mashine ya kuzipigia, waliniletea mimi. Nilizificha kwenye tenga kubwa la kusafirishia njiwa, chini ya ngazi.

Na wimbo ukaruka hadi thelathini na moja. Nafasi moja tu imebaki.

Ndipo tulipofika. Sasa nisikilizeni.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Bi Quenoy kununua balbu. Balbu ilikuwa imeungua kweli, msinitazame hivyo.

Mbele yangu alikuwa amesimama msichana wa miaka kumi na saba hivi, amevaa koti la kazi la waridi la saluni ya pale kwenye uwanja wa kanisa. Nilimjua kwa sura. Ndiye anayetuosha nywele sisi wazee kabla ya fundi mwenyewe kuja na mkasi wake. Anaitwa Nadège. Mikono yake imepasuka kwa sabuni hadi kwenye vifundo.

"Ule wimbo wa koti," alimwambia Bi Quenoy. "Umefika?"

"Bado, mwanangu. Uliniuliza Ijumaa."

"Na Alhamisi."

"Na Alhamisi. Nimepiga simu Lille, ghala lao limekauka. Kiwanda kinasema wanachapa nyingine, lakini mpaka zifike hapa ni siku kumi."

"Siku kumi," alisema Nadège, kama mtu aliyeambiwa mwaka. Kisha akacheka kidogo kujificha. "Basi. Nilijua tu. Nikipenda kitu, kinakwisha."

Nilishindwa kunyamaza. Mimi ni mtu wa namna hiyo.

"Unaupendea nini wimbo wenyewe?" nilimwuliza.

Alinigeukia. Hakunijua mimi ni bibi wa nani, alinijua kichwa tu.

"Pale anaposema amechoka kulitazama lile koti, akalipeleka kuliuza kwenye mnada wa vitu vya zamani. Halafu saa tisa anarudi mbio na kulinunua tena mwenyewe." Alivuta mikono yake ndani ya mikono ya koti. "Nikiusikia naona kama kuna mtu ameketi na mimi. Ni ujinga, najua."

"Si ujinga," nilisema.

Akaondoka. Kengele ya mlango ikalia nyuma yake, na mimi nikabaki nimeshika balbu kama mtu aliyeshika yai bovu.

Maana nilikuwa nimeelewa. Wiki nzima hiyo, wiki ya mwisho, wiki ya thelathini, duka linalohesabiwa halikuwa na santuri yetu hata moja ya kuhesabu. Kwa wimbo wetu kijisanduku kingekaa kimya. Na waliokinyamazisha ni sisi tuliompenda Sylviane kuliko watu wote duniani.

"Zulma," alisema Bi Quenoy, "balbu ya wati ngapi?"

"Yoyote," nilisema. "Nipe yoyote."

Nilimkuta Achille bandani, amevaa koti lake la kijani la njiwa. Hapa niwaambie jambo ambalo Achille halijui mpaka leo. Paris yote inadhani koti la kwenye wimbo ni la kijana fulani mzuri aliyemwacha mpenzi wake. Si la kijana. Ni hilo hapo, linaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni kwangu tangu Sylviane ana miaka minne, linanuka mahindi na kinyesi cha ndege, na mtoto yule alikuwa akijifunika nalo kila alipoumwa. Mwaka mmoja nililipeleka mnadani bila kuuliza, akalia siku nzima, ikabidi nirudi kulinunua.

Achille mwenyewe kila akisikia wimbo huuliza kwa hasira, "Huyo mhuni aliyeacha koti lake ni nani, nimfahamu?"

Nilimweleza yaliyotokea dukani. Alimgeuza njiwa mmoja kifudifudi akamkagua bawa, kama jibu limeandikwa pale.

"Tumefunga mlango wa banda," alisema mwishoni, "halafu tunashangaa hakuna ndege anayeingia."

"Ndiyo."

"Basi mrudishie Bi Quenoy santuri zake. Aziuze."

"Nikamwambie nini?"

"Kwamba hazikupendeza."

Jumanne nilirudi dukani. Nilijifanya nauliza kwa ajili ya jirani.

"Hivi mtu akirudisha santuri, inakuwaje?"

"Naipokea," alisema Bi Quenoy. "Lakini sanduku linapunguza. Imerudi moja, imetolewa moja. Paris hawataki mchezo." Alinitazama juu ya miwani yake. "Jirani yako anataka kurudisha ngapi?"

"Hata hajui. Anawaza tu."

"Mwambie asiwaze sana," alisema, akaendelea kufuta redio zake vumbi.

Basi njia ilibaki moja. Ikiwa santuri haziwezi kurudi kwa mlango, zitarudi kwa mfuko. Nitaziweka kwenye rafu mwenyewe, kimyakimya, mahali pake pa zamani, na watoto wakija watazikuta. Jumatano mchana shule zimefungwa, ndipo wanapojaa dukani na hela zao za matumizi, na hesabu ya Paris hufungwa Alhamisi jioni. Niliona ni mpango wa akili kweli.

Achille aliona vingine.

"Yaani utaingia dukani kwa watu na kuiba kinyumenyume."

"Si kuiba. Ninaacha."

"Haya. Ukikamatwa unaacha, usinitaje."

Jumatano saa nane nilikuwa dukani. Mfuko wangu wa kufumia ulikuwa na sufu ya buluu juu, na chini yake santuri tisa. Duka lilijaa watoto. Nilisimama kwenye rafu, nikatoa ya kwanza, nikaisukuma mahali pake. Hakuna aliyeona. Nikatoa ya pili. Moyo ulikuwa unanipiga kama siku niliyomkimbia baba kwenda kucheza dansi na Achille. Nikaanza hata kufurahi.

Mkono wangu ulikuwa ndani ya mfuko kwa mara ya tatu, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Bi Quenoy, njoo uone. Huyu anatia vitu mfukoni."

Alikuwa Hortense Cappelle, mke wa mwoka mikate. Ni mwanamke mwema, amewahi kuniletea supu siku kumi na moja nilipovunjika mguu, lakini macho yake hayalali.

"Hortense," nilisema, "unanijua miaka arobaini."

"Ndiyo maana nimeshangaa," alisema Hortense, na kweli alikuwa na uso wa huzuni. "Una shida, Zulma? Ungeniambia. Kuna shida gani nyumbani?"

Watoto walinyamaza wote. Duka la muziki likinyamaza, linanyamaza kuliko kanisa.

Bi Quenoy akaja, akauchukua mfuko wangu, akaondoa sufu ya buluu, akatoa santuri saba. Kwenye kila moja mjukuu wangu ananitazama na nywele zake walizomvimbisha Paris.

"Si nilisema," alinong'ona Hortense.

Bi Quenoy alizitazama zile saba. Akaitazama rafu, akaona mbili ambazo asubuhi hazikuwepo. Nilimwona akihesabu kichwani. Mtu haibi dukani santuri ambayo duka lenyewe halina. Alinitazama mimi, na sijui uso wangu ulisema nini, lakini nadhani ulisema yote, pamoja na Désiré na binti yake asiyekuwepo.

Nilikuwa tayari kuaibika. Nilikuwa nimeshavaa hata chupi nzuri, kama mtu anayekwenda hospitali.

"Nimemtuma mimi," alisema Bi Quenoy.

"Umemtuma?" aliuliza Hortense.

"Zimefika chache kwa mlango wa nyuma. Mgongo wangu unauma, nikamwomba Zulma anipangie. Kuna ubaya?" Akanigeukia, sauti yake imenyooka. "Nilikuambia uzipange kwa mstari, Zulma, si kuzitupa tu. Endelea."

Nikaendelea. Kwa haraka moja niliiweka kichwa chini.

Hortense alikuwa amebadilika rangi hadi masikioni. Alikaa pale anachezea mkanda wa mkoba wake, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi nipe na mimi moja. Kwa ajili ya kijana wangu."

Kijisanduku chini ya meza kikalia. Ti.

Niwaambie, kusikia mlio huo baada ya siku zile zote ilikuwa kama kusikia mtoto aliyenyamaza sana akilia.

Watoto wakaanza kuja. Msichana wa meno ya waya. Wavulana wawili waliochanga. Ti, ti. Na saa kumi na nusu kengele ya mlango ililia, akaingia Nadège na koti lake la waridi, ana dakika tano tu, fundi anamsubiri. Hakwenda kwenye rafu hata. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Quenoy, kwa mazoea ya kukataliwa.

"Najua ni siku kumi," alisema. "Nimepita tu."

Bi Quenoy alininyooshea kidevu mimi. Kwenye rafu ilikuwa imebaki moja, ile niliyoiweka kichwa chini. Nikaichukua, nikampa mkononi.

Aliifuta kwa mkono wa koti, ingawa haikuwa na vumbi, akaigeuza nyuma na mbele. Kisha akanibusu shavuni, mimi ambaye nilikuwa nimemnyang'anya santuri hiyohiyo wiki nzima.

"Bibi, una bahati wewe," aliniambia. "Umenishikia bahati."

Ti, kikasema kijisanduku.

Walipoondoka wote, Bi Quenoy aligeuza kibao cha mlangoni na kukaa juu ya kiti chake.

"Nyumbani zimebaki ngapi?" aliniuliza.

"Thelathini na mbili."

"Kaka yangu Désiré ni mwongo mbaya kuliko wote niliowahi kuona. Alisema 'binti yangu' huku ananitazama mimi, shangazi mtu." Alivua miwani akaifuta. "Zulma, mimi siwezi kuuza kitu kimoja mara mbili na kulala usingizi."

"Najua."

"Pesa ya hizi zilizorudi itakwenda kwa bendi ya matarumbeta. Tarumbeta la kijana wa posta lina tundu tangu Pasaka." Akavaa miwani. "Na kesho usije kwa mlango wa mbele na sufu yako. Njoo kwa nyuma, kama watu wenye akili."

Mimi nimeishi miaka mingi na nimefanyiwa wema wa namna nyingi. Lakini wema wa mtu anayejua umemdanganya, akakukinga mbele ya watu, ndipo akugombeze mkiwa wawili, huo sijaupata mara nyingi.

Alhamisi nilipeleka zilizobaki kwa toroli ya Achille, juu yake nimetandika majani ya kabichi. Hadi sanduku linafungwa jioni, zilikuwa zimebaki saba. Nilizirudisha nyumbani, nikazitia tena kwenye tenga, chini ya ngazi, nikasema Jumatatu nitaona la kufanya.

Achille alinihesabia kwa vidole. "Wiki ya kwanza arobaini na moja. Wiki hii thelathini na nne, na siku mbili tu za kuuza. Kwa njiwa, huyo amechelewa."

"Lakini hizi thelathini na nne," nilisema, "zimenunuliwa na watu."

Jioni ile Achille ndiye aliyeosha vyombo.

Jumamosi, saa sita kasoro robo, nilikuwa nakata viazi vya chipsi na nyama inachemka kwenye bia, mlango wa jikoni ukafunguka bila kubishwa hodi. Alikuwa Sylviane.

Ana sanduku la nguo. Si mkoba wa siku mbili. Sanduku.

"Bwana Bressac amesema nisubiri orodha Paris," alisema. "Nikaona kama ni kusubiri, afadhali nisubirie mahali penye chipsi."

Nilimkumbatia. Amekonda. Nywele zile walizozivimbisha zilikuwa zimelala, na niliona ni nafuu.

"Umekuja na sanduku kubwa," alisema Achille, akiingia kutoka bandani na koti lake.

"Ni ili nisirudi tena kulichukua, babu. Kama itakuwa hivyo."

"Na kama haitakuwa hivyo?"

"Basi utanibebea hadi stesheni."

"Mimi mzee," alisema Achille. "Kwa hiyo hilo sharti nalo lina matatizo." Lakini alilichukua sanduku akaliweka mbali na mlango, akalifunika kwa koti lake la kijani, kama vile likionekana litasababisha kitu. Sylviane alilitazama lile koti. Kisha akanitazama mimi, na wote wawili tukatazama viazi.

Saa saba redio ilianza kusoma orodha, kutoka hamsini kwenda juu. Achille aliiweka katikati ya meza, kati ya chumvi na haradali. Tulikuwa tumekubaliana tule kana kwamba hakuna kitu.

Hamsini, mtu mwingine. Arobaini na nane, mtu mwingine. Sylviane alikula chipsi moja na kuishika ya pili.

Arobaini na nne. Arobaini. Kila msomaji alipovuta pumzi, na mimi nilivuta.

"Bado hajatua," alinong'ona Achille. Kwake hiyo ni habari njema. Kadiri njiwa asivyotajwa mwishoni, ndivyo anavyoweza kuwa mbele. Au mwewe amemchukua njiani.

Thelathini na nne, mwanaume mmoja wa Marseille. Thelathini na tatu. Thelathini na mbili.

"Na namba thelathini na moja," alisema mtu wa redioni, akataja bendi ya vijana wanne ambao sikuwahi kuwasikia.

Jikoni kote hakukuwa na mtu aliyetafuna. Kama si thelathini na moja, na hayumo chini, basi yuko ndani ya thelathini. Au ameanguka nje ya hamsini zote, na hakuna atakayemtaja tena.

"Na sasa tunaingia kwenye thelathini," ilisema redio.

Sylviane alinyoosha mkono, akaizima.

"Wewe mtoto," alisema Achille, "unafanya nini?"

"Dakika moja, babu. Nataka kusema kitu kabla sijajua. Nikishajua sitaweza."

Alikuwa bado ameshika kitufe cha redio. Alisema akiangalia sahani yake.

"Mwezi uliopita nilijinunua. Santuri kumi na moja, maduka tofauti, nimefunga kitambaa kichwani. Ziko chini ya kitanda changu kule Paris. Halafu wimbo ukapanda, na nikawapigia simu nikilia, mkadhani nalia kwa furaha. Nililia kwa sababu sikujua ni nani mwingine. Labda ni mimi tu. Labda na Bressac. Bibi, mimi biskuti naziweza, sizichukii. Namba hiyo ikiwa yoyote nitaivumilia. Nilichotaka kujua ni kimoja tu: kama kuna mtu hata mmoja aliyeingia dukani akautaka, mtu ambaye hakunipenda tangu zamani."

Achille alinitazama. Miaka arobaini na saba ya ndoa, na macho yake yaliniambia wazi: nyamaza, Zulma, kula.

Ningeweza kunyamaza. Tenga lilikuwa limefunikwa. Désiré amekwenda kwa daktari wa meno, asingepita. Mjukuu wangu angerudi Paris au angebaki, na asingejua kamwe.

Lakini nilikuwa na kile kimoja alichokiomba. Nilikiona kwa macho yangu, nikakikabidhi kwa mkono wangu. Na sikuwa na namna ya kumpa hicho bila kumpa na mengine yote.

"Yupo," nilisema. "Mmoja namjua. Anaitwa Nadège, anaosha nywele saluni. Alirudi mara nne. Anasema akiusikia ni kama kuna mtu ameketi naye."

Sylviane aliinua uso taratibu. Sijauona uso ule tangu ana miaka minne na homa.

"Mara nne? Kwa nini mara nne?"

"Zilikuwa zimekwisha."

"Zimekwishaje, kwenye mji huu?" Kisha, polepole zaidi, "Bibi. Wewe umeyajuaje yote haya?"

"Zulma," alisema Achille, "nyama inaungua."

Haikuwa inaungua. Niliinuka, nikaenda chini ya ngazi, nikaliburuta lile tenga kwenye sakafu hadi miguuni pake. Manyoya mawili matatu yakaruka. Yeye mkono mmoja bado uko kwenye redio, wa pili ukashuka hadi kwenye kifuniko, ukakaa pale.

"Lifungue, mwanangu," nilisema. "Ila redio usiiwashe kwanza."